Gongo la mianzi, mkonge wa Tanga na kijana anayetaka yote mawili

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa Tanga. Mwanangu yuko kidato cha nne, anasoma bweni Dar es Salaam, na huko wamemfundisha kriketi mpaka imekuwa ugonjwa. Likizo hii amekuja na habari kwamba kuna mchezaji wa kulipwa aliyeacha kriketi akawa mwanasayansi wa maada, yaani vile vitu ambavyo vitu vingine hutengenezwa navyo, na ametengeneza gongo la mianzi linalopiga mpira kuliko la mbao. Sasa anasema atacheza kwanza, halafu atasomea fani hiyohiyo. Baba yake anasema mtoto anatafuta njia ya kukwepa kitabu. Huyo mtu yupo kweli? Hilo gongo ni kweli? Na fani yenyewe ni kitu gani, inasomewa wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Mtu yupo na gongo lipo. Ila njiani, kutoka bwenini hadi sebuleni kwako, habari imeongezewa chumvi, kwa hiyo tuipepete kwanza.

Anaitwa Darshil Shah. Ni mtafiti na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwenye kituo kinachochunguza maada za asili: mbao, mianzi, nyuzi za mimea. Kriketi aliichezea Thailand, katika timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 19. Chumvi iko hapo. Hakuwa mchezaji wa kulipwa aliyetundika daluga Jumamosi na kuvaa koti la maabara Jumatatu. Alikuwa kijana aliyecheza vizuri hadi kuvaa jezi ya taifa ya vijana, na kitabu hakikumpita. Mwambie baba mtu hilo kwanza, litampunguzia presha.

Chumvi ya pili ni kudhani kwamba gongo ndilo lililompeleka kwenye sayansi. Gongo lilikuja baadaye sana. Shahada yake ya uzamivu aliifanya Chuo Kikuu cha Nottingham juu ya nyuzi za mimea zinazofumwa na kushikanishwa kwa gundi ya kemikali, ile tunayoiita rezini, ili zifanye kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na nyuzi za kioo. Alitengeneza bawa la mtambo wa upepo lenye urefu wa mita 3.5 kwa kitani, mmea uleule unaotoa nguo za kitani, akalilinganisha na bawa la nyuzi za kioo lenye umbo hilohilo. Baadaye akaenda Oxford kushughulika na hariri. Mianzi na gongo vimefuata baada ya yote hayo. Utafiti wa gongo, alioufanya pamoja na mwenzake Ben Tinkler-Davies, ulitoka mwaka 2021.

Kabla sijaendelea, neno moja. Nasema "gongo". Wapo wanaosema bati, lakini hapo utadhani naezeka nyumba. Wapo wanaosema beti, na hapo ndipo baba yake atashtuka zaidi. Gongo nalo lina sifa mbaya vijiweni, lakini hili letu halinyweki.

Sasa fani yenyewe. Fundi wa mtaani akikuambia mbao hii ni ngumu, anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti, na mwanasayansi wa maada ni mtu anayekataa kuyachanganya. La kwanza ni ukakamavu: ukiipinda, inakataa kiasi gani? La pili ni uimara: itabeba mzigo gani kabla haijavunjika? La tatu ni ugumu wenyewe, wa uso: ukiigonga, inabonyea? Kioo cha dirisha kina ukakamavu na uso mgumu, lakini jiwe la mtoto linakimaliza. Kamba ya mkonge ni imara kwelikweli, inavuta gari, lakini ukakamavu wa kupinda haina kabisa. Jaribu kusukuma gari kwa kamba uone. Ongeza uzito juu ya hayo matatu, ongeza namna kitu kinavyomeza mtetemo, ongeza kinavyochukuliana na maji, na bei, halafu uliza: kwa kazi hii, nichague nini? Hilo ndilo swali tunaloamka nalo kila siku. Mwanao akishika magongo mawili dukani, akayapunga, akasema "hili limekaa vizuri, lile zito mbele", tayari analiuliza kwa mikono. Kilichobaki ni kulipa majina na namba.

Gongo la kriketi ni mfano mzuri sana wa kufundishia, kwa sababu linadai vitu vinavyogombana.

Mpira wa kriketi una moyo wa koki, umezungushiwa uzi, ukafungwa ndani ya ngozi iliyoshonwa. Una uzito wa kama gramu 156 hadi 163. Unapogusana na gongo, mguso wenyewe unachukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi kuliko kupepesa jicho, mbao inatakiwa ipokee pigo bila kupasuka, isipinde sana, isibakize nguvu ndani yake kama mtetemo, na iurudishe mpira ulikotoka. Mtetemo ndio unaouma viganja. Kila nguvu inayobaki ikitetemesha mbao ni nguvu ambayo mpira haukuondoka nayo. Mpigaji aliyewahi kupiga kwa ncha asubuhi ya baridi anajua ninachosema: mikono inawaka hadi kwenye viwiko, na mpira unakwenda hatua tatu.

Kwa zaidi ya karne kazi hiyo imekabidhiwa mti mmoja, mwerebi. Jina hilo wengi wetu tunalijua kwenye Biblia, mierebi ya vijitoni, na hiyo ndiyo tabia yake: unapenda maji. Unaotumika kwa magongo mazuri hupandwa Uingereza, hasa maeneo yenye unyevunyevu kama Essex, na unahitaji takriban miaka 15 kabla ya kukatwa. Mbao yake ni nyepesi mno. Mita moja ya ujazo ina kama kilo 400 tu, wakati maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Ukiiweka chini ya darubini unaona kwa nini: vijibomba vyenye kuta nyembamba vimepangana, karibu kama sifongo iliyokauka. Uso ukigongwa, vijibomba vile vinabonyea na kushikamana badala ya kupasuka. Ndiyo maana kiwandani mbao hupitishwa kwanza kwenye rola za chuma ili uso ukandamizwe, na ndiyo maana mwenye gongo jipya hukaa na nyundo ya mbao akiligongagonga kwa saa kadhaa, polepole, kingoni na nchani, kabla ya kulipeleka uwanjani. Anatengeneza ngozi ngumu juu ya nyama laini.

Hili nalijua kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi niliazimwa gongo jipya na rafiki yangu. Aliniambia bado halijagongwa, subiri. Sikusubiri. Mpira wa nne au wa tano ulitua karibu na vidole vya miguu, nikauzuia kwa ncha, na nikasikia sauti kama ya muwa. Ufa ulipanda kiganja kizima cha gongo, yaani ile sehemu bapa inayopiga mpira. Rafiki hakunigombeza, alilichukua gongo lake akaliangalia muda mrefu, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Uhandisi wa mpasuko nimeusoma baadaye, lakini somo la kwanza lilikuwa lile.

Halafu lile gongo tulilipaka mafuta ya mbegu za kitani, kana kwamba mafuta yangeziba ufa. Kitani kilekile ambacho Shah alikitengenezea bawa. Mmea huu hauishi kazi.

Tuje kwenye mianzi. Mwanao akate kipande cha mwanzi mkavu, akipige msasa mwishoni, akitazame kwa jicho tu. Ataona vidoti vyeusi. Hizo ni nyuzi. Karibu na ganda la nje vimebanana, na kadiri unavyoingia ndani vinakuwa vichache. Mwanzi umeweka nguvu pale upepo unapoupindia zaidi, yaani nje. Hakuna injinia aliyeufundisha. Kwa gongo, mwanzi mzima hautumiki, kwa sababu katikati ni uwazi. Hupasuliwa, hupigwa randa ukawa vibanzi bapa, kisha vibanzi hugundishwa kwa tabaka hadi vikawa ubao. Ubao huo ndio watafiti waliouchunguza, na gongo zima likatengenezwa na mafundi wa magongo kama la kawaida.

Matokeo waliyoyatoa yalikuwa haya. Ubao wa mwanzi ulikuwa na ukakamavu zaidi ya mwerebi kwa asilimia 22, na uimara wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbali. Uso wake ulipogongwagongwa kwa saa 5, ugumu ulifika mara mbili ya ule wa mwerebi uliokandamizwa. Pale mahali patamu pa gongo, pale ambapo mpira unaondoka bila kelele mkononi, palikuwa papana zaidi, palisogea karibu na ncha, na pigo la hapo lilikuwa bora kwa asilimia 19. Kusogea huko karibu na ncha si jambo dogo. Mpira mbaya kuliko yote kwa mpigaji ni ule unaotua miguuni pake kabisa, unaoitwa yoka. Kwa kawaida unauzuia na kushukuru. Kwa gongo hili unaweza kuupeleka hadi mpakani ukachukua alama nne. Na mtetemo walioupima haukutofautiana sana na wa mwerebi, maana yake mkononi lingeonekana gongo la kawaida.

Kijana akisoma hayo anaruka juu. Mimi nilikwenda kwanza kwenye uzito.

Hapa naomba uvumilivu, mama, maana ndipo fani ilipo. Ubao wa mwanzi uliogundishwa una zaidi ya kilo 600 kwa mita ya ujazo. Chukua 650 kwa hesabu. Gongo la umbo lilelile litakuwa zito kwa zaidi ya nusu tena, na hakuna kijana atakayelipunga siku nzima. Basi tulipunguze unene hadi uzito ulingane. Unene utabaki kama asilimia 62 ya ule wa mwerebi. Lakini ukakamavu wa ubao unaopindwa haufuati unene moja kwa moja, unafuata unene mara unene mara unene. Punguza unene nusu, ukakamavu unabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo 0.62 mara 0.62 mara 0.62 inatupa kama 0.24, tuongeze ile asilimia 22 ya mwanzi, tunapata 0.29. Ubao bapa wa mwanzi wenye uzito sawa na wa mwerebi una ukakamavu chini ya theluthi moja. Wepesi wa mwerebi, ambao ukiushika unauona kama udhaifu, ndio unaoununulia unene, na unene ndio unaoununulia ukakamavu.

Je, nimeubomoa utafiti wao? Hapana. Hesabu yangu ni ya ubao bapa, na gongo si ubao bapa. Lina mgongo ulioinuka nyuma, na fundi anaweza kuuweka unene pale tu unapohitajika na kukwangua kwingine. Mwanzi, kwa kuwa ni imara, unamruhusu kukwangua sehemu ambazo kwenye mwerebi zingevunjika. Watafiti wenyewe walisema wazi kuwa gongo lao ni zito na kwamba kazi iliyofuata ilikuwa kuliboresha umbo. Ninachotaka kijana achukue ni kwamba namba moja, hata iwe ya kweli, haitoshi. Asilimia 22 ni kweli. Uzito nao ni kweli. Kazi ni kuvikalisha mezani pamoja.

Halafu kuna sheria. Sheria za kriketi zinatungwa na klabu ya MCC ya London, na inasema kiganja cha gongo kiwe mbao tupu. Mwanzi si mti, ni nyasi, ndugu yake ni mahindi na muwa. MCC ilijibu mwaka uleule wa 2021 kwamba kwa sheria ilivyo, gongo hilo haliruhusiwi, na kwamba hata mwanzi ungekubaliwa kuwa mbao, bado kugundisha tabaka kwenye kiganja kulikuwa kumekatazwa isipokuwa kwa magongo ya watoto.

Kwa nini wakali hivyo? Kuna kisa. Desemba 1979, Perth, Australia, mrushaji mashuhuri Dennis Lillee aliingia kupiga dhidi ya Uingereza akiwa na gongo la alumini. Akaupiga mpira wa Ian Botham, ukalia kengele, wakakimbia mara tatu. Nahodha wa Uingereza, Mike Brearley, akalalamika kwamba chuma kinaharibu mpira. Nahodha wa Lillee mwenyewe, Greg Chappell, naye akaona kwa gongo la mbao mpira ule ungefika mpakani, akamtuma mtu ampelekee. Ubishi ukasimamisha mchezo, na mwishowe Lillee akalirusha gongo la alumini mbali uwanjani kwa hasira. Baada ya hapo ndipo sheria ikaandikwa kwamba kiganja kiwe cha mbao. Mimi hucheka kila nikikumbuka kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja ya maada: mmoja aliogopa ugumu wa uso, mwingine aliona pigo halitoshi. Tangu 2017 wameweka hata mipaka ya unene: ukingo usizidi sentimita 4, na katikati isizidi sentimita 6.7.

Baba yake akidhani kwamba injinia kushika gongo ni mtindo wa siku hizi, mwambie kuhusu Charles Richardson, injinia mkuu wa kwanza wa njia ya reli ipitayo chini ya mto Severn, Uingereza, karne ya 19. Zamani gongo lilikuwa kipande kimoja, na kila pigo lilipanda moja kwa moja mkononi. Yeye ndiye anayetajwa kwa kubuni mpini wa henzirani uliochongwa kama ncha ya mkuki na kupachikwa kwenye kiganja kwa umbo la V. Henzirani hiihii ya bakora za wazee wa pwani. Inapinda, inameza mtetemo, mikono inapona. Shika gongo lolote leo, hata la mwanao, ile V utaiona pale mpini unapozama kwenye mbao. Na hapo sheria haina shida na henzirani, kwa kuwa kilichofungwa kuwa mbao tupu ni kiganja.

Sasa nikulete karibu na nyumbani. Nenda Kigali, Gahanga, kwenye uwanja wa kriketi wa Rwanda uliofunguliwa 2017. Jengo lake la wachezaji ni matao matatu membamba yanayopanda na kushuka kama njia ya mpira unaodunda. Hayakujengwa kwa zege nene wala vyuma vya gharama. Ni vigae vya udongo wa palepale uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, bila kuchomwa tanuruni, vikapangwa tabaka juu ya tabaka na wavu katikati kwa ajili ya matetemeko. Udongo hauwezi kuvutwa, ukiuvuta unakatika, lakini ukiukandamiza unabeba. Tao lenye umbo sahihi linakandamiza tu, halivuti. Miongoni mwa waliobuni matao hayo ni Michael Ramage, ambaye ndiye kiongozi wa kituo kilekile cha Cambridge anakofanyia kazi Shah. Kwa hiyo gongo la mianzi na jengo la Gahanga ni watoto wa nyumba moja.

Na kuna mtu mwingine kwenye uwanja huo ambaye mwanao angefaa kumjua kuliko hata Shah. Mwaka 2016, ili kuchangisha fedha za ujenzi, nahodha wa Rwanda Eric Dusingizimana alikaa kwenye nyavu za mazoezi akipiga mipira saa 51 mfululizo, akaingia kwenye rekodi za dunia. Kazi yake ya mchana ni uinjinia wa ujenzi. Kama ni kucheza na kitabu kwa pamoja, huyo yuko kwa jirani, hatuna haja ya kumfuata Cambridge.

Kuhusu ule mpango wa "nicheze kwanza, nisome baadaye", hapo nipo upande wa baba yake. Kwa Afrika Mashariki wanaoishi kwa kriketi tu ni wachache mno. Hata huko kwingine, Saurabh Netravalkar aliichezea India Kombe la Dunia la vijana mwaka 2010, hakupata nafasi ya wakubwa, akaenda Marekani kusoma kompyuta Cornell, akaajiriwa kuwa injinia wa programu, na Juni 2024 akiwa na jezi ya Marekani ndiye aliyerusha ova ya mwisho, yaani ile mipira sita, iliyoizamisha Pakistan. Anil Kumble, mrushaji mashuhuri wa India, alisomea uinjinia wa mitambo. Ulegevu wa kitabu hauonekani kwenye maisha ya hawa. Mwanao asisubiri. Acheze jioni, asome usiku.

Njia yenyewe haina siri. Afaulu fizikia, kemia na hisabati kidato cha nne, aende PCM. Shahada ya kwanza inayoitwa sayansi ya maada si rahisi kuipata kwetu, na wengi wetu tuliingilia mlango wa pembeni: uinjinia wa mitambo, wa ujenzi, wa kemikali, au fizikia na kemia tupu, kisha tukajikita. Anayependa mbao na mianzi asisahau Sokoine, Morogoro, wana idara inayoshughulikia sayansi ya mbao. Kwa shahada za juu kuna Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ambako maada na nishati vinafundishwa pamoja. Na asione haya kukaa kwa seremala. Wanafunzi wangu wazuri wamekuwa wale waliowahi kushika randa.

Lakini kuna jambo ambalo naona mwanao amelipita kila siku bila kulitazama, kwa sababu amezaliwa nalo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge Tanga. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kufika 1964 nchi ilikuwa inatoa tani kama 230,000 kwa mwaka, kisha kamba za plastiki zikaja, na wewe unayeishi huko unajua mashamba yalivyogeuka vichaka. Sasa angalia: unyuzi wa mkonge una uzito wa karibu gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo, wa kioo una kama 2.5. Hilo ndilo swali lilelile la kitani na bawa la Nottingham. Tatizo la mkonge, na la nyuzi zote za mimea, ni kwamba unakunywa maji, unavimba, na haushikani vizuri na rezini. Uoshe kwa nini ili ushike? Uukaushe kiasi gani? Ufume vipi? Watu wanafanya utafiti huo sehemu nyingi duniani, wengine kwa mkonge walioununua kutoka mbali. Yeye anauona kutoka dirisha la basi.

Nimpe kazi ya likizo, ili baba yake aone kama ni mapenzi au ni maneno.

Achukue gongo lake, alishike mpini juu kabisa kwa vidole viwili, liningʼinie. Mdogo wake aligonge kiganja kwa mpira, kuanzia ncha akipanda sentimita mbili mbili, na yeye asikilize kwa vidole. Kuna mahali mtetemo utakufa na sauti itakuwa fupi. Apachore chaki. Hapo ndipo mahali patamu, na watu wa Cambridge walikuwa wanapatafuta palepale kwa mashine ghali. Kisha aende kwa seremala aombe vibanzi viwili vya mbao moja, upana sawa, urefu sawa, kimoja unene wa milimita 5 na kingine 10. Avibane ukingoni mwa meza, atundike kopo la maji mwishoni, apime kila kimoja kimeshuka kiasi gani. Chembamba kitashuka karibu mara nane ya kinene, si mara mbili. Atafute na kibanzi cha mwanzi chenye unene uleule, arudie, na avipime vyote uzito kwenye mzani wa duka.

Aniandikie alichopata. Na aandike unene aliopima yeye mwenyewe, si ule aliotajiwa na seremala, maana ukiukosea kidogo jibu lote linakwenda upande, na karatasi nitamrudishia.